Ulinzi wa kuhama nao

Mtu anayeshuka kutoka Moshi mjini kwenda Mabogini huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Migomba na mibuni anaiacha juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, anapita Pasua, na mara anajikuta kwenye tambarare ya mpunga wa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ule uliojengwa kwa ushirikiano na Japani katika miaka ya 1980. Siku hizi, kandokando ya majaruba hayo, kinachoota kwa kasi kuliko mpunga ni nyumba za kupanga. Vyumba vinne, sita, hata nane, mlango kwa mlango, uani bomba moja na choo kimoja. Humo wanaishi vibarua, wauguzi, wanafunzi, madereva wa bodaboda na akina mama wanaoamka saa kumi usiku kuwahi soko.

Leo nataka tuzungumze juu ya wizi wa vyumbani, na hasa juu ya swali linalomsumbua mpangaji peke yake: ajilinde kwa kitu gani, ilhali nyumba si yake?

Mwenye nyumba hana taabu. Akiingiwa na hofu anaweka nondo madirishani, anabadili mlango wa mbao kwa wa chuma, anajenga ukuta na kupanga chupa zilizovunjika juu yake. Mpangaji akitaka kufanya hivyo huambiwa: weka, lakini ukiondoka unaacha. Na kweli huacha, kwa sababu nondo iliyochomelewa haing'olewi bila kubomoa ukuta. Hivyo mtu aliyekwisha kutoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaombwa amjengee mwenzake. Ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, lakini ilifutwa mwaka 2005. Mengi baina ya watu hawa wawili sasa hutegemea mkataba, na mikataba mingi ya vyumba, kama ipo, ni karatasi moja ya daftari isiyotaja kitasa wala dirisha.

Huko juu mlimani ulinzi ulikuwa wa namna nyingine. Kihamba kimezungushiwa masale, jirani ni baba mdogo au shangazi, na mgeni akipita njiani anaulizwa anakwenda kwa nani. Katika zama za vita wazee wa upande wa Marangu walikwenda mbali zaidi, wakachimba mapango ardhini wakajificha humo na mifugo yao. Lakini kihamba hakihami. Mpangaji wa Mabogini anahama, pengine mara mbili kwa mwaka, na ulinzi unaomfaa ni ule unaoingia ndani ya ndoo pamoja na masufuria siku ya kuhama.

Kabla ya kutengeneza chochote, yatupasa kumjua mwizi. Mwizi wa chumba mara nyingi si jambazi mwenye bunduki. Ni mtu anayetazama kufuli. Kufuli linaloning'inia nje ya mlango ni tangazo kwamba mwenye chumba hayupo, na komeo lake mara nyingi limeshikwa na skrubu mbili fupi ambazo nondo moja huzing'oa kwa mkono mmoja. Mwingine hana haja ya kuingia: hupitisha mti mrefu wenye ndoano dirishani, akavua suruali iliyotundikwa na simu iliyomo. Wa tatu ndiye hatari zaidi. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari, na kuta za kugawa vyumba huishia chini ya mabati. Aliyepanga chumba cha pili, au aliyevunja chumba cha pili, anapanda ukuta na kushukia kitandani kwako wakati kufuli lako liko salama salimini. Nimewaona watu wakinunua kufuli kubwa kama ngumi huku juu ya vichwa vyao kuna uwazi wa kupita mbuzi.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Ulinzi rahisi kuliko wote ni kabari: kipande cha mti kilichochongwa mshazari, unakisukuma chini ya mlango unaofungukia ndani. Kadiri mlango unavyosukumwa ndivyo kabari inavyokaza. Gharama yake ni jasho la dakika kumi na panga kali. Ila kabari inamlinda mtu aliyelala ndani. Haimsaidii aliye kazini.

Kwa aliye kazini dawa ni kelele, na kelele inaweza kutengenezwa na fundi redio yeyote mwenye chuma cha kulehemu. Kiini chake ni swichi ya sumaku, kitu kidogo kama kijiti cha kiberiti, kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1936. Ndani yake mna ndimi nyembamba za chuma ndani ya kioo, nazo husogea sumaku ikikaribia au ikiondoka. Unabandika swichi kwenye fremu na sumaku kwenye mlango, kwa gundi tu, bila kutoboa kitu cha mwenye nyumba. Chagua ile inayokata umeme sumaku ikiwa karibu. Mlango ukiwa umefungwa, hakuna umeme unaopita na betri hailiwi. Mlango ukifunguliwa, sumaku inaondoka, ndimi zinagusana, king'ora kinalia.

Hapo mwizi mwerevu hufunga mlango upesi, na king'ora kinanyamaza. Ndiyo maana fundi anaongeza rilei, kama ile ya honi ya gari. Umeme ukifika kwenye rilei mara moja, inajishikilia yenyewe na kuendelea kukipa king'ora umeme hata mlango ukirudishwa, mpaka mwenye chumba azime swichi aliyoificha anapopajua mwenyewe. Rilei ina faida ya pili: mkondo mkubwa wa king'ora hupita humo, si katika zile ndimi nyembamba ambazo zingeungua. Ukirudi nyumbani king'ora kitapiga sekunde mbili kabla hujafika kwenye swichi, na hiyo si hasara: jirani anajua umerudi. Betri ya pikipiki ya volti 12 inatosha, na hata ile iliyochoka kuwasha injini bado huweza kuliza king'ora. Umeme wa LUKU usiutegemee. Hukatika, au huisha usiku wakati wapangaji wanabishana ni zamu ya nani kununua. Ukinunua kila kitu kipya, gharama inakaribia kodi ya mwezi mmoja ya chumba. Kwa betri kuukuu ni pungufu sana.

Kuna pia vyombo vinavyohisi joto la mwili linalopita, na hivi ndivyo vinavyomfaa mwenye chumba kisicho na dari, maana havijali mtu ameingilia wapi. Lakini chini ya mabati ya Mabogini, saa nane mchana, hewa ya chumbani hukaribia joto la mwili wa binadamu, na chombo kinashindwa kutofautisha mtu na ukuta. Paka naye atakuamsha. Kamera za kupiga picha na kuzituma kwenye simu zina ubora wake, ila zinakula vifurushi, na picha ya mwizi ikikufikia ukiwa Arusha haina mkono wa kumkamata. Kama chombo chako kinaweza kupiga simu, namba ya kwanza iwe ya jirani, yako iwe ya pili.

Msidhani mambo haya yanasubiri wataalamu wa nje. Ulinzi wa nyumba kwa kamera ulibuniwa na muuguzi wa New York, Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe Albert aliyekuwa fundi wa elektroniki. Zamu zao hazikulingana, polisi walichelewa kufika mtaani kwao, na mama huyu alikuwa na hofu ya kubaki peke yake. Waliomba hataza mwaka 1966, wakapewa mwaka 1969. Na hapa jirani, Kitengela nchini Kenya, kijana wa Kimaasai Richard Turere aliona simba kutoka Mbuga ya Nairobi wakila ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, akajaribu sanamu ya mtu, simba wakazoea. Akagundua kwamba wanaogopa tochi inayotembea. Kwa betri kuukuu ya gari, kipande cha sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na taa za tochi mbovu, akatengeneza taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma. Alikuwa na umri wa miaka 11. Mwaka 2013 dunia ilimsikiliza akieleza kazi hiyo jukwaani huko Marekani.

Mimi taa za Turere zinanivutia kuliko king'ora, na nitasema kwa nini. Nchini kwetu mtu akipigiwa kelele ya mwizi usiku haulizwi jina. Tumesoma mara nyingi magazetini habari za watu waliopigwa hadi kufa, wengine wakachomwa moto, na baadaye ikajulikana kwamba alikuwa mlevi aliyekosea mlango au mgeni aliyefika kwa basi la usiku. King'ora chako kikilia saa nane za usiku na shemeji yako ndiye aliyesimama mlangoni, utakuwa umemwita nani? Kwa hiyo, kabla ya kuunga waya, kaa na wapangaji wenzako na mwenyekiti wa kitongoji. Kubalianeni kwamba king'ora kikilia kila mtu awashe taa, watoke pamoja, aliyeshikwa akalishwe chini, na mmoja apige 112. Fundi naye aunganishe taa ya nje kwenye rilei hiyohiyo, ili mtu aonekane uso kabla ya kuguswa. Redio inaweza kununuliwa nyingine.

Neno moja juu ya moto. Wako wanaojifungia kwa kufuli ndani na kuficha ufunguo chini ya godoro, na dirisha lina nondo. Jiko la mchina likilipuka, au mshumaa ukianguka kwenye chandarua, ufunguo hautafutiki gizani kwenye moshi. Ukilala, tumia kabari au komeo linalofunguka kwa mkono bila ufunguo, na mtoto wa miaka saba afundishwe kulifungua huku amefumba macho.

Siku ya kuhama, gundi ya swichi inalainika kwa mafuta ya taa kidogo na kitambaa. Futa fremu vizuri, mwonyeshe mwenye nyumba kwamba hakuna tundu wala doa, kisha zungusha waya kwenye betri na uvitie vyote ndani ya ndoo.