Sikio Halizoei Kelele

Kwa makondakta wa matatu za Nairobi, ma-DJ wa kumbi za harusi na vijana wanaolala na spika masikioni, jibu la haraka kwa anayewaonya ni kwamba wameshazoea. Kitaalamu, sikio halina uwezo wa kuzoea kelele. Mtu akiona muziki uliokuwa ukimuumiza mwaka juzi sasa unamfaa, yawezekana kabisa kwamba sehemu ya usikivu wake imeshakwenda. Ndani ya sikio mna koklea, kiungo kilichojisokota kama kombe la konokono, chenye seli zipatazo 15,000 zilizoota vinywele vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Kuku akipoteza seli hizo huota nyingine, binadamu haoti. Na kelele ya miaka mingi haiziui zote kwa pamoja: hutangulia zile zinazopokea sauti nyembamba, za hezi 4,000 hivi, huku zinazopokea besi zikisalia. Huo ndio mtego wenyewe. Muziki bado unanoga, kifua bado kinatikisika, lakini herufi kama s, f na t zinafifia, na mhusika anaanza kulalamika kwamba siku hizi watu hawatamki vizuri. Anasikia kuwa anasemeshwa. Anachoambiwa hakishiki, hasa penye watu wengi.

Wapo wanaojibu kwamba masikio huvuma usiku wa dansi na asubuhi yakatulia, kwa hiyo yamepona. Kwa muda mrefu hata wataalamu waliamini hivyo. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston, walichapisha matokeo ya panya waliowekwa kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Vipimo vya usikivu vya panya hao vilirudi kuwa vya kawaida na seli zao zilikuwa hai, ila katika sehemu iliyoathirika zaidi karibu nusu ya viungio kati ya seli na neva vilikuwa vimetoweka moja kwa moja. Panya si mtu, na mjadala kuhusu kiwango cha madhara hayo kwa binadamu haujaisha. Hata hivyo, baada ya matokeo hayo, utulivu wa asubuhi hauwezi tena kuchukuliwa kuwa ushahidi wa kupona.

Hoja ya ngoma nayo haikosekani: wazee walikesha ngomani na hawakuwa viziwi. Masikio yao hatukuyapima, kwa hiyo kuwafanya mashahidi ni kuwaonea. Lakini tukubali walisikia vizuri. Bado hoja haisimami, kwa sababu madhara hutegemea ukali wa sauti na muda wake kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: kwenye 92 zinabaki saa mbili na nusu kwa wiki nzima, na kwenye 101 hazifiki dakika 20. Ngoma ilikuwa na msimu wake, tena uwanjani, ambako sauti hutawanyika. Simu yenye spika za masikioni inaweza kufikia desibeli 100, na abiria huipandisha kila siku ili ashinde mngurumo wa basi.

Wanaotegemea vifaa vya kusaidia kusikia wajue kwamba vifaa hivyo hukuza sauti. Havirudishi seli wala viungio, na ndiyo maana wengi wanaovivaa husikia kelele zaidi lakini maneno bado yanawapotea. Mwaka 2022 Shirika hilo lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Wenye kumbi wanaweza kuanza kukifuata bila kusubiri sheria. Nawe msomaji, ukilazimika kupiga kelele ili akusikie mtu aliye umbali wa mkono, vaa vizibo vya masikio au ondoka.