Tarakilishi ya michezo ndani ya kasha jembamba: Pima kabla ya kununua

Kwa miaka mingi tarakilishi ya kuchezea michezo ilitambulika kwa ukubwa wake. Lilikuwa sanduku zito lenye kimo cha goti, likiwekwa chini ya meza, feni zikivuma na taa za rangi zikimetameta ubavuni. Leo vijana wengi wanaoishi katika vyumba vya kupanga hawana pa kuliweka sanduku hilo. Wanachotamani ni mashine nyembamba ya kulazwa chini ya runinga mithili ya deki ya video, au kusimamishwa wima kando ya vitabu.

Mashine ya namna hiyo inawezekana, na nguvu zake si haba. Hata hivyo, anayeiunda kwa mikono yake ameingia katika kazi isiyosamehe. Katika kasha kubwa, aliyenunua kadi nene kupita kiasi hupata pa kuisukumia. Katika kasha jembamba hana pa kwenda: kifuniko hakifungi, na si kila mwenye duka atakayekubali kurudishiwa kifaa kilichokwisha kufunguliwa. Kosa la umeme nalo laweza kuleta moto ndani ya nyumba, kama ilivyodhihirika katika kisa kimoja kitakachoelezwa hapa chini.

Mambo yote huanzia kwenye ubao mkuu, yaani ule ubao wa saketi ambao sehemu nyingine zote huchomekwa juu yake. Kipimo kilichozoeleka cha ATX, kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka wa 1995, ni milimita 305 kwa 244. Mwaka wa 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilibuni kipimo cha Mini-ITX, mraba wenye milimita 170 kila upande. Eneo lake halifiki asilimia 40 ya lile la ATX. Waliokibuni walikusudia mashine za kazi nyepesi zisizotumia umeme mwingi; wapenzi wa michezo ndio waliokitwaa baadaye na kukibebesha mzigo ambao hakikuumbiwa.

Ubao mdogo pekee hautoshi kulifanya kasha kuwa jembamba. Kwa kawaida kadi ya michoro, ile inayochora picha za mchezo kwenye skrini, husimama juu ya ubao kama ukuta juu ya msingi. Kwa kuwa kimo cha kadi nyingi hupita milimita 110, kasha nalo lazima lipite hapo. Ujanja wa makasha membamba ni kuilaza kadi ubavuni mwa ubao na kuiunganisha kwa kebo bapa au kwa kibao kidogo cha pembeni.

Mfano mzuri ni kasha la Node 202, lililotolewa na kampuni ya Fractal Design ya Uswidi mwaka wa 2015. Lina urefu wa milimita 377, upana wa 330 na unene wa 82 pekee. Ujazo wake ni lita 10.2. PlayStation 5 ilipoingia sokoni mwaka wa 2020 ilikuwa na milimita 390 kwa 260 kwa 104, takriban lita 10.5. Hivyo basi, tarakilishi kamili yaweza kukaa mahali padogo kuliko mashine hiyo ya Sony.

Ila ina masharti yake. Kadi isizidi urefu wa milimita 310, na unene wake usipite nafasi mbili za kadi, yaani takriban milimita 40. Siku hizi kadi nyingi hutangazwa kuwa za "nafasi mbili na nusu". Hiyo nusu ndiyo inayowaliza watu. Aidha, kipoza joto cha prosesa kisipite kimo cha milimita 56.

Pawasaplai, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa ukutani kuwa umeme hafifu wa ndani ya mashine, sharti iwe ya kipimo cha SFX: milimita 125 kwa 100 kwa 63.5. Ile ya kawaida ya ATX ina unene wa milimita 86. Ni nene kuliko kasha lenyewe.

Baada ya vipimo huja joto, na hapa ndipo pagumu. Karibu umeme wote unaoingia katika tarakilishi hugeuka joto. Mashine inayokula wati 250 hutoa robo ya joto la pasi ya wati 1,000, tena ndani ya boksi la lita kumi. Kwa sababu hiyo, mnunuzi asijiulize tu ni kadi gani inayoweza kuingia. Ajiulize pia kasha litastahimili wati ngapi.

Tuseme mtu amechagua prosesa ya Ryzen 5 7600, iliyotolewa mwaka wa 2023. Imeandikwa wati 65, lakini ikiachiwa hufika 88. Kadi ya GeForce RTX 4060, ya mwaka uo huo, hutumia wati 115. Ukijumlisha ubao, kumbukumbu, hifadhi na feni, mashine nzima haipiti wati 250 au zaidi kidogo, na pawasaplai ya wati 450 yaitosha bila kuhemewa. Sasa linganisha na RTX 5090 ya mwaka wa 2025, ambayo peke yake hudai wati 575. Kuna watu wanaoishindilia kadi ya namna hiyo ndani ya makasha madogo na kujivunia picha zake. Hilo ni shindano, si matumizi ya nyumbani.

Vipoza vifupi vipo. Kile cha NH-L9a cha kampuni ya Noctua ya Austria kina kimo cha milimita 37. Katika kasha lenye kikomo cha 56, hubaki pengo la milimita 19 kati ya feni na kifuniko. Pengo hilo laonekana kama nafuu, kumbe ni mtego: feni huvuta tena hewa moto iliyokwisha kuipuliza yenyewe. Dawa yake ni nyepesi. Waundaji wengi huzungushia sponji kutoka kwenye ukingo wa feni hadi kwenye matundu ya kifuniko, ili ivute hewa ya nje tu. Kadi nayo hupoa vyema feni zake zikikaribiana na matundu, mradi mashine isilazwe juu ya zulia.

Mahali anapoishi mtumiaji pia pana neno. Mombasa, hewa ya mchana mwezi wa Machi hufika nyuzijoto 32 na zaidi, na feni haiwezi kukipoza kifaa kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Nairobi kuna ubaridi, ila jiji limekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Nafuu ya baridi huliwa kwa kiasi fulani na wepesi wa hewa, jambo ambalo maelezo ya watengenezaji hayalitaji.

Turudi kwenye ule muunganisho wa kadi, maana ndio kiungo dhaifu cha makasha haya. Kebo nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kizazi cha tatu cha mfumo wa PCI Express, ilhali kadi mpya ni za kizazi cha nne au cha tano. Matokeo yake huwa skrini nyeusi, na mwenye mashine hudhani kadi ni mbovu. Suluhisho ni kuchomeka skrini kwenye ubao mkuu wenyewe, ikiwa prosesa ina uwezo wa kuchora picha kama ilivyo ile ya 7600, kisha kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuiagiza nafasi ya kadi itumie kizazi cha tatu. Kasi inayopotea kwa kadi kama RTX 4060 ni ndogo.

Kisa cha moto kilitokana na kiungo hichohicho. Mwaka wa 2020 kampuni ya NZXT ya Marekani ilitoa kasha dogo la wima liitwalo H1. Skrubu mbili za chuma zilizokifunga kibao cha kuunganishia kadi kwenye fremu zilipita karibu mno na njia ya umeme wa volti 12 iliyomo ndani ya kibao hicho. Skrubu ilipogusana na njia hiyo, umeme ulikutana na fremu, na kibao kikaweza kuwaka.

Kampuni ilianza kwa kuwapa wateja skrubu za nailoni. Wakosoaji wakasema, na kwa haki, kwamba kiini cha tatizo hakijaguswa: siku mtu mwingine akifunga skrubu ya chuma, hatari hurudi palepale. Mnamo Februari 2021 ilitangazwa rasmi kuwa makasha takriban 32,000 yaliyouzwa Marekani yarekebishwe kwa kubadilishiwa sehemu hiyo. Anayenunua kasha la H1 lililotumika hana budi kuuliza kama kibao chake kilibadilishwa.

Kuhusu umeme wa ukutani, Kenya hutumia volti 240. Pawasaplai nzuri za SFX hujirekebisha zenyewe. Zile za bei ya chini zenye swichi ndogo nyekundu nyuma ni lazima zikaguliwe: swichi ikiachwa kwenye 115, kifaa huungua pindi kinapowashwa.

Wakati wa kuunganisha, prosesa, kipoza, kumbukumbu na hifadhi ya SSD hufungwa kwenye ubao ungali mezani. Mbao nyingi za Mini-ITX zina nafasi ya SSD upande wa chini, na aliyeisahau hulazimika kufungua kila kitu upya. Vijiti vya kumbukumbu viwe vifupi, visivyo na mapezi ya mapambo yanayogonga kipoza. Kisha mashine iwashwe ikiwa bado nje ya kasha, juu ya kadibodi kavu. Mwenye pupa huruka hatua hii.

Ikishafungwa, ichezwe mchezo mzito kwa saa nzima huku vipimo vya joto vikitazamwa. Prosesa za Ryzen 7000 zimeundwa kustahimili nyuzijoto 95, lakini katika boksi jembamba ni busara kuzipunguzia wati kupitia BIOS. Kadi nayo yaweza kupunguziwa wati kadhaa kwa programu. Kasi hushuka kwa kiwango kidogo kuliko wati zinavyoshuka, na kelele za feni hupungua zaidi ya vyote.

Kwa asiyemudu gharama hizi kuna njia nyingine. Tarakilishi nyembamba za ofisini zilizotumika ng'ambo, mathalani Dell OptiPlex, huuzwa kwa wingi nchini. Pawasaplai zake ni ndogo na kwa kawaida hazina waya wa kulisha kadi, kwa hivyo kadi hutegemea wati 75 za nafasi yake pekee, na baadhi ya mashine huruhusu chini ya hapo. Kadi ya RTX 3050 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6, ya mwaka wa 2024, hutumia wati 70 na hupatikana katika kimo cha nusu, pamoja na kibati kifupi cha kuifunga nyuma. RX 6400 ya mwaka wa 2022 ina wati 53 tu, lakini hutumia njia nne za data, hivyo katika mashine kuukuu za kizazi cha tatu hupoteza kasi nyingi.

Isitoshe, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 bila malipo mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mnunuzi aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei, na aombe kifuniko kifunguliwe mbele yake ili apime kwa rula nafasi ya kadi.