Uamuzi wa Busara, Tabora 1958

Busara ni uwezo wa kupima, katika hali iliyopo na kwa wakati uliopo, njia ipi itakayofikisha lengo jema, na ndiyo maana Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliitenga na elimu ya kanuni, akaeleza kuwa kijana huweza kubobea katika hisabati ilhali busara hajaipata, kwa kuwa hiyo hulelewa na uzoefu. Si woga, wala si ujanja, ambao husaka njia bila kujali wema wa lengo.

Katika siasa za Tanganyika sifa hiyo ilijaribiwa Januari 1958, wajumbe wa chama cha TANU (Tanganyika African National Union) walipokutana Tabora kujadili uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria chini ya utaratibu wa kura tatu, yaani kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake iliharibika. Masharti ya kipato na elimu yaliwaengua Waafrika wengi mno, na kugawa viti sawasawa baina ya jamii zisizokaribiana hata kidogo kwa idadi kulikuwa dhuluma ya wazi. Waliotaka uchaguzi ususwe, basi, walikuwa na hoja nzito. Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, hakuutetea utaratibu huo, bali alishikilia kuwa kususa kungewaachia wapinzani baraza, hususan United Tanganyika Party (UTP), chama kilichopendelewa na Gavana Edward Twining. Baada ya mjadala mkali, wajumbe waliamua kushiriki, na uamuzi huo ukaingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Kwa kuwa nafasi ya Mzungu na ya Mwasia hazikuweza kuachwa wazi, TANU, ambayo wakati huo ilipokea wanachama Waafrika tu, iliwaunga mkono wagombea wa jamii hizo walioafiki madai yake, wakiwamo Derek Bryceson na Sophia Mustafa, hata sharti lililokusudiwa kukibana chama likakiongezea nguvu. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU na washirika wake wakashinda, na UTP ikasambaratika.

Gharama haikukosekana. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi huo, alijitoa TANU na kuanzisha African National Congress, na pingamizi lake halistahili kudharauliwa, kwani kiongozi aliyezoea kulegeza njia huweza, bila kujitambua, kulegeza na lengo. Kilichoiokoa TANU na hatari hiyo ni kwamba iliingia katika kura tatu huku ikiendelea kudai zifutwe.