Kitabu cha Kwanza cha Nota

Katika maandishi ya sol-fa, do ya chini hutofautiana na do ya kati kwa kialama kimoja tu, kidogo kama punje ya ulezi, kinachokaa upande wa chini wa herufi. Kialama hicho kikipotea, besi wanapanda oktava nzima. Na hupotea kirahisi. Karatasi inatolewa kopi, kopi nayo inatolewa kopi, mwalimu wa kwaya wa Kahama anaipiga picha kwa simu na kumtumia mwenzake wa Mpanda, na huko inachapwa upya steshenari. Wimbo unafika ukiwa na sauti ya nne isiyoeleweka na mstari wa tenori uliokatwa pembeni. Pale juu palipopaswa kuwa na jina la mtunzi pameandikwa "hajulikani".

Sehemu kubwa ya muziki wa kwaya wa Afrika Mashariki inaishi hivyo. Wapo walimu wenye kipaji kikubwa waliojaza madaftari kwa miaka, wakapanga sauti nne za nyimbo zinazoimbwa kila Jumapili kutoka mwambao hadi maziwa makuu, na hawana hata kitabu kimoja chenye jina lao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa walimu hawa hata daftari halitoshi. Makala haya ni kwa ajili yao, hasa yule mwenye mipangilio 20 au 30 kabatini na anayewaza aanzie wapi.

Aanze kwa kumfikiria mwimbaji asiyemjua. Daftari lina mwenyewe karibu. Besi akikwama, mwalimu anamwimbia, anampigia kinanda, mambo yanakwisha. Kitabu kikifika Kasulu au Lubumbashi hakina wa kukisemea. Mambo yote ninayoyaeleza hapa chini, ya haki, ya uandishi, hata ya pini za kushonea, mimi nayapima kwa mwimbaji yule wa mbali: ataweza kuimba ulichokusudia bila kukuuliza?

Tofauti ya daftari na kitabu huonekana kwa watunzi wawili. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sisi Watanzania tunauimba kama Mungu Ibariki Afrika. Aliuandika kwa sol-fa. Alifariki mwaka 1905 bila kuona nyimbo zake zikichapishwa. Wimbo ulivuka mipaka na kuwa wa mataifa, lakini mwenyewe alisahauliwa kiasi kwamba kaburi lake lilikuja kutambuliwa katika miaka ya 1990, likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Sasa mtazame Mchungaji Bernard Kyamanywa, aliyeandika maneno ya wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya. Wimbo huo uliingia vitabuni mapema ukiwa na jina lake. Leo Wajerumani wanaufungua katika kitabu chao cha nyimbo cha Kiinjili kwa namba 116, na jina la Mtanzania huyo liko pale chini ya nota. Uchapaji umemfikisha akiwa na jina lake.

Kabla ya kuandika nota yoyote kwa ajili ya kitabu, kaa chini na orodha ya nyimbo zako uulize kila mmoja ni wa nani. Hapa ndipo wengi hukwama, na ni afadhali kukwama nyumbani kuliko kwa mchapaji. Kupanga sauti za wimbo wa mtu mwingine ni kazi yako inayolindwa na sheria, lakini haikupi umiliki wa wimbo wenyewe. Ruhusa ya mwenye wimbo inahitajika, na inahitajika kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999, Kenya ina yake ya mwaka 2001, na zote mbili zinamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi aliyefariki mwaka 1980 bado ana warithi wa kuombwa hadi mwisho wa 2030. Tuni ya Bach, aliyefariki 1750, ni huru. Lakini maneno ya Kiswahili yaliyowekwa juu ya tuni hiyo yana mfasiri wake, na kama mfasiri yu hai au amefariki juzi, naye aombwe.

Nyimbo za asili zina ugumu wa namna yake. Mwaka 1963 jopo la watu watano, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, lilitengeneza wimbo wa taifa wa Kenya kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Hakuna mama wa Tana River aliyeweza kwenda mahakamani kuudai. Hata hivyo Wakenya wanajua hadi leo tuni ilitoka wapi, kwa sababu asili yake ilitajwa. Nawe fanya hivyo. Kama tuni uliipata kwa bibi fulani wa Bukoba wakati wa mavuno, mwombe ridhaa yake, andika jina lake akikubali, kijiji, mwaka na shughuli ambayo wimbo huimbwa. Kuandika tu "wimbo wa asili" na kunyamaza ni kumfanya bibi huyo naye awe "hajulikani".

Kisha uandishi. Mimi nina msimamo: kitabu chetu cha kwaya kiwe na nota za aina zote mbili, sol-fa na za mistari mitano. Sol-fa, iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen kutoka kwenye kazi ya Sarah Glover, ilistawi kwetu kwa sababu ya wazi: ni herufi za kawaida, hivyo misheni haikuhitaji mitambo maalumu, taipureta ilitosha. Wanakwaya wetu wengi husoma hiyo. Wapiga kinanda wengi na kwaya za nje husoma mistari mitano. Ukiacha moja umefunga mlango mmoja.

Kwa mistari mitano, programu ya MuseScore haina malipo na inatosha kabisa. Hifadhi kazi yako pia katika mfumo wa MusicXML, unaofunguka katika programu nyingi. Waliokuwa wakitegemea Finale walipata mshtuko Agosti 2024 wenye programu hiyo walipotangaza kuiacha. Sol-fa inataka uvumilivu zaidi. Nukta mbili zinazotenga mapigo lazima zisimame wima, sauti ya kwanza hadi ya nne, kama nguzo za nyumba moja. Zikiyumba, jicho la mwimbaji linayumba nazo. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka kanisani jioni umeme ukiwa hafifu, na vile vialama vya oktava vikolezwe.

Ukimaliza, usimpe mchapaji. Wape kwaya isiyokujua. Tafuta mwalimu wa parokia au usharika mwingine, mwachie karatasi, kaa benchi la nyuma na ufunge mdomo. Pale watakaposimama na kuulizana ndipo penye kasoro. Huenda alto wamekutana na fe bila maandalizi, huenda ubeti wa tatu una silabi zisizoenea kwenye mapigo, huenda hukuandika kama kiitikio kinarudiwa mwishoni. Sijaona mhariri anayeshinda kwaya ya watu 20 inayosoma nota kwa mara ya kwanza.

Mpangilio wa kurasa ni sehemu ya muziki. Wimbo wa kurasa mbili uanzie kushoto ili usigeuzwe katikati ya kuimba. Kitabu cha kushonwa kwa pini katikati hulala wazi mkononi. Cha gundi mgongoni hujifunga chenyewe mpaka waimbaji wakivunje. Ukichagua pini, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4: karatasi 12 zilizokunjwa hukupa kurasa 48, na jalada juu yake.

Kwa nyimbo za ibada, peleka mswada mapema kwa wakubwa wa kanisa. Kwa Wakatoliki, kitabu cha sala kinahitaji ruhusa ya askofu, na kamati za liturujia huangalia maneno ya nyimbo kwa makini kuliko nota. Namba ya ISBN hutolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ipo pia ISMN, namba ya kimataifa ya nota zilizochapishwa, inayoanza na 979-0, na hiyo huwasaidia wauzaji wa muziki wa nje kukipata kitabu. Mchapishaji akikukubali, soma mkataba kwa utulivu uone kama unampa leseni ya kitabu au unamuuzia nyimbo zenyewe. Maneno hayo mawili hukaa karibu katika mkataba, na tofauti yake wataiona wajukuu wako.

Linabaki la kopi, na hili linanigusa. Kwaya zetu hununua sare mpya, hulipia studio na video, kisha hununua kitabu kimoja cha nota na kukitoa kopi 40. Kuwakemea hakutoshi. Mwandishi wa kitabu cha kwanza aweke bei ya kwaya, nakala 10 kwa bei ya chini sana kuliko moja moja, na auze pia kibali cha kutoa kopi za wimbo mmoja kwa ada ndogo inayolipwa kwa simu, masharti yake yakiwa yamechapwa chini ya ukurasa wa kwanza wa kila wimbo, pamoja na jina lake na namba ya kulipia. Viongozi wa kwaya nao, wanapopanga bajeti ya mwaka, waandike mstari wa nota mara tu baada ya mstari wa sare.