Radio Call Imezima Ukiwa Longonot? Cheki Antena Kabla Uchome Doo kwa Redio Mpya

Kama job yako ni kuendesha pickup ya ranchi, kupeleka maji huko Kedong ama kufuatana na wasee wa rally ikifika msimu wa Safari Rally, hii form unaijua. Uko nyuma ya Mlima Longonot, vumbi imejaa hadi kwa meno, simu haina network. Unafinya maiki, unaita base. Kimya. Unaita tena, bado kimya. Kitu ya kwanza inakuja kwa akili ni "redio imekufa", na ukifika Naivasha unaingia duka kutafuta ingine.

Maze, tulia. Redio yenyewe ni ngumu kufa. Kitu hufa ni antena na waya zake, na hiyo unaweza kujitengenezea kando ya barabara ukiwa na spana mbili, kipande cha msasa na multimita ya bei ya chini.

Kwanza tuelewane. CB ni ile redio ya 27 MHz, chaneli 40, nguvu wati 4 hivi. Wimbi lake lina urefu wa mita 11, na antena iliyo sawa kabisa ingekuwa robo ya hiyo, yaani karibu mita 2.7. Sasa nani anataka fimbo ya mita 2.7 juu ya Hilux ikipita chini ya miti? Ndio maana antena nyingi ni fupi na zina koili ya waya inayodanganya redio kwamba antena ni ndefu. Shida ni kwamba antena fupi ni ya madeko, ukiigusa kidogo tu inakataa kazi. Na kama ndai yako ina VHF, si CB, antena yake ni kama nusu mita tu. Usibadilishane hizo mbili. Konekta zinaweza kuingiana fiti kabisa na bado uchome redio.

Unachoma aje? Hapa ndio watu hupotezea ganji. Nguvu inatoka kwa redio, inapita kwa kebo, inafika kwa antena. Kama antena haijakaa poa, sehemu ya hiyo nguvu inakataliwa na kurudishwa, vile konda hukushusha mat ukikosa nauli. Kipimo cha hiyo kurudishwa kinaitwa SWR. Mita ikisoma 1.5, asilimia 4 tu ndio inarudi. Ikisoma 2, ni kama asilimia 11. Ikifika 3, robo nzima ya nguvu inarudi kupiga transista za mwisho ndani ya redio. Kwa hivyo ukiona base haijibu, wacha kufinya maiki mara ishirini ukidhani utabahatika. Weka maiki chini, shuka, uende nyuma ucheki.

Anza na konekta, ile ya kufunga kwa kuzungusha nyuma ya redio na pale antena inakaa. Barabara za huko chini zinatikisa gari vibaya, na vumbi ya Longonot ni laini kama unga kwa sababu ni majivu ya volkano. Inaingia kila mahali. Fungua konekta, angalia kama waya wa katikati umeachia solda, ama kama kuna kijani ya kutu. Mvua ikinyesha kabla hujaziba hapo vizuri, maji hunyonywa ndani ya kebo na hiyo kebo imeenda. Usibembelezane nayo, nunua ingine. Pia fuata kebo yote na mkono: pale inapita kwa mlango ama chini ya kiti ndio hubanwa hadi ikakatika ndani, na nje hauoni kitu.

Chomoa kebo kwa redio, ushike multimita. Pini ya katikati na ule mkono wa nje wa konekta hazifai kuongea. Zikiongea, kuna shoti mahali, ingawa kuna antena ambazo koili yake imeunganishwa na bodi makusudi, kwa hivyo toa antena kwanza upime kebo peke yake. Halafu pima kutoka pini ya katikati hadi upande ule mwingine wa kebo: hapo lazima ziongee. Hii ni dakika tano tu, na inakuambia kama shida ni kebo ama ni antena.

Sasa tuje kwa ile kitu inasumbua pickup kuliko gari lingine lolote: earth. Antena ya ndai si ile fimbo peke yake. Nusu yake nyingine ni bodi ya gari. Saloon ni chuma moja, haina story. Pickup ni vipande: kabini iko kivyake, karia iko kivyake, na katikati kuna raba, rangi na kutu. Ukifunga antena kwa karia, unaona chuma kubwa na unadhani uko sawa, kumbe kwa umeme hiyo karia inaelea hewani. Pima kutoka mguu wa antena hadi negativu ya betri. Inafaa kusoma karibu sufuri. Kama haisomi hivyo, kwangua rangi chini ya bracket hadi uone chuma inang'aa, kaza upya, kisha funga waya mpana na mfupi kutoka karia hadi chesisi, na mwingine kutoka kabini hadi chesisi. Wasee wengi hununua antena tatu kabla ya kujua walikuwa wanahitaji waya wa nusu mita.

Mahali umeiweka pia ni maneno. Katikati ya paa la kabini ndio bora. Ukiiweka kona ya karia, itasikika zaidi upande ule ambao bodi kubwa ya gari iko, na upande ule mwingine utalia. Ikiwa imejificha nyuma ya kabini, koili ikiwa chini ya paa, SWR itakuwa juu hata ufanye nini. Na ile ya sumaku haina kazi juu ya canopy ya fibaglasi.

Ukishamaliza hayo, azima mita ya SWR. Simama mahali wazi, milango imefungwa, hakuna msee ameegemea gari. Pima chaneli 1, 20 na 40. Chaneli 40 ikisoma juu kuliko 1, antena ni ndefu, ifupishe kidogo. Chaneli 1 ikiwa juu kuliko 40, ni fupi, iongeze. Milimita chache tu kila mara. Zikiwa juu zote tatu, wacha kukata fimbo, rudi kwa earth.

Kuna makelele pia. Kama inalia "wiiii" ikipanda na mafuta, chomoa antena injini ikiwa inanguruma. Makelele ikiisha, ilikuwa inaingia kwa antena, na hapo ni zile waya za earth tena. Ikibaki, inapitia waya wa umeme. Toa huo waya moja kwa moja kwa betri, na uweke fyuzi.

Na usilaumu antena kwa makosa ya mlima. Longonot ina mita 2,776, karibu 900 juu ya Ziwa Naivasha. Ukiwa Kedong na base iko upande wa ziwa, hiyo ni ukuta. Endesha kidogo hadi mahali wazi ndio uite tena. Hapo hapo Longonot kuna kituo cha setilaiti kilichofunguliwa 1970, kikiongea na mitambo iliyo kilomita kama 36,000 juu, na wewe wati 4 zako zinashindwa na kilima.

Ndio maana booster haisaidii vile unadhani. Kutoka wati 4 hadi 16, yule anakusikiliza anaona sindano imepanda hatua moja tu, na kama SWR ni mbovu umeongeza tu nguvu ya kujichoma. Alafu redio za kutuma zinasimamiwa na Communications Authority, kwa hivyo hakikisha yako iko na karatasi kabla hujaiwasha.

Siku moja utawasha usikie mtu akiongea lugha huijui, safi kabisa, na base ya hapo Naivasha hata hauisikii. Usifungue konekta yoyote. Jua likichangamka, mawimbi ya 27 MHz hudunda huko juu angani na kushuka maelfu ya kilomita mbali. Ngoja giza iingie, kawaida hutulia.