Nani Anahesabiwa Kijijini: Mpaka, Wapitaji na Kura Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mto Songwe haujawahi kuuheshimu mpaka uliokabidhiwa. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mto huo utenganishe himaya zao, na mpaka wa leo kati ya Tanzania na Malawi umerithi mapatano hayo. Lakini huko chini, kwenye tambarare ya Kyela, Songwe hupita katika udongo laini. Mafuriko makubwa yakija hukata kona, huacha mkondo wa zamani na kujichimbia mwingine. Kaya haijasogea hata hatua moja, ila mto umehamia nyuma ya nyumba. Ndiyo maana mradi wa pamoja wa Bonde la Mto Songwe, ambao siku hizi hutajwa zaidi kwa mabwawa na umeme, ulianza kwa nia ya kuutuliza mto usihamehame.

Matema, kwenye kona ya Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, chini ya Milima ya Livingstone, ina utata wake. Malawi, kwa kuutegemea mkataba uleule wa 1890, hudai maji yote hadi ufukweni. Tanzania husema mpaka uko katikati ya ziwa. Mzozo huo ulipamba moto mwaka 1967, enzi za Nyerere na Banda, ukafufuka mwaka 2012 baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani, na usuluhishi ulioongozwa na Joaquim Chissano haukuumaliza. Kwa hesabu ya Lilongwe, mtoto wa Matema akiingia majini kuogelea ameshavuka mpaka bila hati.

Katika mpaka huu wenye utata, wanaovuka kinyume cha sheria ni wa namna mbili, nao hawagusi kura za vijijini kwa njia moja. Kuna wapitaji, na kuna majirani.

Wapitaji wengi ni Waethiopia, vijana wanaoelekea Afrika Kusini kupitia Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Njia yao imejaa makaburi. Juni 2012 zaidi ya 40 walizama Ziwa Nyasa upande wa Karonga, Malawi. Mwezi huohuo miili ya wenzao zaidi ya 40 ilikutwa Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Oktoba 2022 kaburi la pamoja lenye miili iliyodhaniwa kuwa ya Waethiopia lilifukuliwa Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Mpitaji wa aina hii hana haja na sanduku la kura la Kyela. Pengine hata jina la kijiji alichojificha usiku hatalijua kamwe.

Anachoacha nyuma ni fedha na minong'ono. Kila mara polisi au Uhamiaji wanapotangaza kukamata kundi la wahamiaji mkoani Mbeya, pamoja nao hutajwa Watanzania: dereva, mwenye nyumba, wakala aliyelipwa kuwavusha. Kijijini taarifa kama hiyo haiishii redioni. Watu hujiuliza nani alijua, na mwenyekiti wa kijiji ni wa kwanza kuulizwa, kwa sababu ulinzi na usalama wa kijiji ni sehemu ya kazi yake. Hapo mhamiaji asiyepiga kura anaweza kumpunguzia mtu kura.

Huko mbele ya safari, mtu yuleyule anageuka ajenda kamili. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Afrika Kusini wa tarehe 1 Novemba 2021, chama kipya cha ActionSA, kilichoanzishwa na aliyekuwa meya wa Johannesburg Herman Mashaba, kiliufanya uhamiaji haramu kuwa mojawapo ya hoja zake kubwa na kikapata takriban asilimia 16 ya kura za jiji hilo. Kwa nini Kyela haina Mashaba wake? Jibu moja la kusaidia linatoka mbali kabisa. Mwanauchumi Andreas Steinmayr alichunguza kura za jimbo la Austria ya Juu mwaka 2015, wakati wakimbizi walipokuwa wakimiminika Ulaya. Alikuta kwamba pale wakimbizi walipopita tu kuelekea Ujerumani, chama cha mrengo mkali wa kulia kiliongeza kura. Pale walipopewa makazi na kuishi na wenyeji, kura za chama hicho zilipungua zikilinganishwa na kwingineko. Austria si Kyela, na takwimu za namna hiyo hazihamishwi kirahisi. Hata hivyo zinaonyesha kwamba kumwona mgeni akipita na kuishi naye ni mambo mawili tofauti kwa mpiga kura, na Kyela imeishi na mgeni wake wa karibu kwa muda mrefu mno.

Mgeni huyo ni Mngonde wa Karonga. Lugha yake na Kinyakyusa cha Kyela zinasikilizana kiasi kwamba wanaisimu huziweka pamoja. Simulizi za watawala wa pande zote mbili, wakiwemo akina Kyungu wa Karonga, hurudisha asili yao kwenye milima ileile ya mashariki. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson walipofanya utafiti Unyakyusa, walikuta vijiji vilivyojengwa na watu wa rika moja badala ya watu wa ukoo mmoja. Aliyegombana na wenzake, au aliyetuhumiwa uchawi, alifungasha akahamia kwa chifu mwingine, akapewa mahali pa kulima. Ukazi ulitokana na kukubaliwa na wale utakaoishi nao. Sheria ya uraia ilikuja baadaye sana, nayo huuliza jambo jingine: wazazi wako walizaliwa wapi? Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, uraia wa moja kwa moja ulimwendea aliyezaliwa nchini na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa nchini pia. Kwa familia yenye bibi aliyezaliwa ng'ambo ya Songwe na babu aliyezaliwa upande huu, bila karatasi ya yeyote kati yao, swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Uchumi nao haujaacha kuvuta. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Kwa anayevuka kutafuta kibarua katika mpunga au kakao ya Kyela, shilingi aliyolipwa ilipanda thamani kwa siku moja kabla hajaongeza hata saa ya kazi. Wengine huvuna na kurudi. Wengine huoa au kuolewa, na baada ya misimu kadhaa wana watoto katika shule ya kijiji.

Mgeni wa namna hiyo anapofika kwenye meza ya uandikishaji, ndipo mambo yanapoanza. Uchaguzi wa serikali za mitaa husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia serikali za mitaa, na daftari lake huandikwa upya kila uchaguzi katika kitongoji. Kuwa na kadi ya mpigakura ya Tume ya Uchaguzi hakutoshi hapo. Mpiga kura anatakiwa awe raia, awe ametimiza miaka 18, awe mkazi wa mahali hapo. Umri na ukazi majirani wanaujua. Uraia wanauhisi tu. Mwaka 2024 waliandikishwa watu zaidi ya milioni 31 nchini ndani ya siku kumi, na kwa kasi hiyo kinga iliyobaki ni macho ya mwandikishaji na mawakala wa vyama. Kitongoji kina wapiga kura mamia machache. Majina kumi na tano yanayobishaniwa, ambayo katika kura ya urais yangepotea kama punje ya mchele guniani, hapo yanaweza kuamua mshindi.

Ni kweli kwamba kwenye matokeo rasmi ushindani huo hauonekani. Novemba 2024 CCM, chama tawala, ilitangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya uenyekiti wa vijiji, na mwaka 2019 hali ilikuwa hivyohivyo baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao kadhaa kujitoa. Lakini hilo halina maana kwamba hapakuwa na mchuano. Umehamia kwenye kura za maoni za chama tawala, ambako daftari lenye uzito ni la tawi, na kwenye hatua ya pingamizi, ambako mgombea anaweza kuondolewa kabla ya siku ya kura.

Pingamizi la uraia ndilo lenye makali zaidi, kwa kuwa anayetuhumiwa ndiye anayeachiwa mzigo wa kuthibitisha. Hata wakubwa limewafikia. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne mashuhuri si raia, akiwemo mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu, aliyekuwa amewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, na Anatoli Amani, aliyekuwa mwenyekiti wa CCM mkoa wa Kagera. Amani baadaye alipata uraia na akawa meya wa Bukoba. Kama mwenyekiti wa chama mkoa angeweza kuulizwa hivyo, mgombea wa kitongoji kando ya Songwe ambaye shangazi zake wako Karonga atajitetea kwa lipi?

Upande wa pili wa suala hili uko Zanzibar. Huko aliyeshika mlango wa utambulisho ni sheha, ambaye huteuliwa na serikali. Mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura Pemba ulivurugika, wananchi wakilalamika kwamba masheha waliwanyima fomu za kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila kitambulisho hicho hakuna kuandikishwa. Vijijini Bara, sehemu ya mamlaka hiyo imo mikononi mwa mtu anayechaguliwa. Anayetaka barua ya utambulisho, pasipoti au namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) huanzia kwa mwenyekiti na mtendaji, na katika vijiji vingi huanzia chini zaidi, kwa balozi wa nyumba kumi, ingawa balozi huyo ni kiongozi wa CCM na si wa serikali.

Hivyo mpiga kura wa mpakani, anapomchagua mwenyekiti, anamchagua pia shahidi wake. Familia yenye mkwe kutoka Karonga ina sababu ya kumtaka mtu mpole. Jirani anayegombania naye shamba la mpunga ana sababu ya kumtaka mtu mkali. Hakuna mgombea atakayelisema hilo jukwaani. Atazungumzia barabara, zahanati na maji, na wote watamwelewa.

Malawi iliandikisha zaidi ya watu wazima milioni tisa kwa vitambulisho vya taifa mwaka 2017, na ikavitumia kwenye daftari la uchaguzi wa 2019. Tanzania nayo inasogea upande huo kupitia NIDA, ambako katika mikoa ya mpakani mwombaji hutarajia maswali ya ziada ya Uhamiaji kuhusu wazazi na babu zake. Ila fomu yenyewe, kabla ya kufika kwa ofisa yeyote wa wilaya, hutakiwa kugongwa muhuri wa kijiji, huko kwa viongozi ambao mmoja wao alichaguliwa kwa daftari lililoandikwa kwa macho ya majirani.