Faili Haishuki: Kosa Liko Wapi?

Mtu akinunua mega ili ashushe somo la sauti, kisha likatike karibu na mwisho, mara nyingi analaumu telefone yake. Atazame kwanza uzito wa faili iliyofika.

Ikiwa ni kilobaiti chache tu, hakupata somo; alipata ukurasa wa kosa uliovikwa jina la somo. Ukurasa ukionyesha 404, anwani imevunjika. Kwa tovuti ya WordPress, msimamizi aingie kwenye mipangilio ya anwani za kurasa, ahifadhi tena bila kubadili kitu. Mara nyingi hiyo yatosha.

Faili ikifika nusu, hapo ndipo kuna kazi. Plagini nyingi za kushusha hazitoi faili moja kwa moja; zinaipitisha ndani ya PHP ili kuhesabu walioshusha. Njia hiyo inaweza kukatwa na kikomo cha muda cha seva, tena plagini nyingine haziruhusu kuendelea pale ulipoishia. Mtandao ukikatika kwenye mega ya 25, unaanza sifuri, na ulizolipa zimekwenda. Hesabu ya walioshusha haistahili bei hiyo! Msimamizi aweke kiungo cha faili yenyewe.

Apunguze pia uzito: saa moja ya sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu mega 29; kwa 32 ni nusu yake, na maneno bado yanasikika. Mmoja akilishusha Kasongo, kadi ya memori italibeba hadi Kabambare.